Je, Wajua? Ahadi za Kampeni na Hesabu ya Deni

Kampeni zikianza, vipaza sauti hufungwa juu ya pikapu, khanga na fulana hugawiwa, na ahadi hunyesha kama mvua ya masika: lami hadi mlangoni, maji ya bomba, zahanati, daraja. Kura zikishahesabiwa, kijiweni hubaki sentensi moja: wanasiasa wote ni waongo. Lakini wahenga waliposema ahadi ni deni walituachia na kazi, maana deni huhesabiwa. Ni nani amewahi kukaa akahesabu lililolipwa na lisilolipwa? Wapo waliofanya hivyo, na hesabu yao inashangaza. Twende pamoja, kuanzia meza za watafiti hadi kuta za Pompeii, darasa la kwanza la Eldoret na Ikulu ya Chamwino.

Zaidi ya nusu hutimizwa

Watafiti waliopitia ahadi zaidi ya 20,000 kutoka kampeni 57 katika nchi 12 walikuta kwamba, katika nchi nyingi, vyama vilivyoingia serikalini hutimiza zaidi ya nusu ya ahadi zao, ama kikamilifu ama kwa sehemu. Utafiti huo ulioongozwa na Robert Thomson ulitoka mwaka 2017 na ulihusu nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ukiamua kuzisoma ahadi hizo kwa kasi ya moja kila dakika, usile wala usilale, utazimaliza baada ya karibu siku 14. Na jibu utakalolipata si lile la kijiweni.

Bomba linalotiririka halina mtangazaji

Sweden ni miongoni mwa nchi ambazo serikali hutimiza sehemu kubwa ya ahadi zake, lakini Waswidi wengi huamini kwamba wanasiasa wao huvunja ahadi. Mtafiti Elin Naurin aliandika kitabu kizima, mwaka 2011, kuhusu fumbo hilo. Sababu mojawapo unaijua hata wewe: bomba likikauka, kijiji kizima husikia; bomba likitoa maji kila asubuhi, hakuna anayeita waandishi wa habari. Deni lisilolipwa hupiga kelele, lililolipwa hukaa kimya.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama

Chama cha Margaret Thatcher nchini Uingereza kilitimiza zaidi ya ahadi 80 katika kila 100, ilhali chama cha Ronald Reagan nchini Marekani, miaka hiyohiyo ya 1980, kilifikia karibu 60. Haimaanishi kwamba Mwingereza ni mkweli kuliko Mmarekani. Waziri Mkuu wa Uingereza mwenye wabunge wengi hushika usukani peke yake, lakini Rais wa Marekani hana budi kukubaliana na mabaraza mawili ya Bunge, na huenda yote yakawa mikononi mwa wapinzani. Serikali ya mseto nayo ina mkasi wake: kila mshirika hukata kipande cha ilani ya mwenzake. Kabla ya kuuliza nani alidanganya, inafaa kuuliza usukani ulishikwa na mikono mingapi.

Mgombea aliyenadiwa kwa mkate

Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 na kuufunika mji wa Pompeii kwa majivu, ulihifadhi pia maelfu ya matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa rangi kutani. Tangazo moja linawaomba watu wamchague Gaius Julius Polybius kwa sababu rahisi: huleta mkate mzuri. Karibu miaka 2,000 baadaye, mgombea wa Nairobi bado hupanda jukwaani kuzungumzia bei ya unga. Tumbo la mpigakura ni ilani ya kale kuliko zote.

Usikatae, ahidi tu

Mwaka 64 kabla ya Kristo, Cicero alipokuwa akiwania ukonsuli wa Roma, aliandikiwa barua ya ushauri ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya mdogo wake, Quintus. Ushauri mmoja ndani yake ni huu: usimnyime mtu ahadi, kwa kuwa watu humchukia zaidi anayewakatalia papo hapo kuliko anayeshindwa baadaye kwa sababu inayoeleweka. Cicero alishinda. Wagombea wa wakati huo walivaa vazi lililong'arishwa kwa chokaa, wakaitwa candidatus, yaani aliyevaa nyeupe, na neno hilo ndilo lililozaa jina la mgombea katika lugha nyingi za Ulaya. Vazi lilikuwa jeupe. Barua inatuonyesha kilichofichwa chini yake.

Siku ahadi ilipoingia kwenye karatasi

Desemba 1834, Waziri Mkuu Robert Peel aliwaandikia wapigakura wa jimbo lake la Tamworth, Uingereza, akieleza serikali yake ingefuata sera gani. Barua ilichapishwa magazetini nchi nzima, na wanahistoria wengi huitazama kama mama wa ilani za vyama tunazozijua leo. Serikali yake haikumaliza hata miezi mitano. Karatasi ilidumu kuliko serikali, na tangu hapo mpigakura amekuwa na kitu cha kumsomea kiongozi siku ya kuulizana.

Rais aliyemaliza orodha yake, akaenda zake

James K. Polk aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1845 akiwa na malengo manne: kupunguza ushuru wa bidhaa, kuanzisha hazina huru ya serikali, kumaliza mgogoro wa Oregon na Uingereza, na kuipata California. Alikuwa pia ameahidi kutawala muhula mmoja tu. Yote matano yakatimia kufikia Machi 1849, alipoondoka madarakani, na miezi mitatu baadaye akafariki dunia akiwa na miaka 53. Tusisahau kwamba California ilipatikana kwa vita dhidi ya Mexico, kwa hiyo si kila deni linalolipwa hulipwa na aliyekopa. Nelson Mandela wa Afrika Kusini naye alisema atatawala muhula mmoja, na mwaka 1999 alikabidhi madaraka kama alivyonena.

Aliyelipa kabla ya kuapishwa

Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alitimiza ahadi yake kubwa kabla hata ya kushika madaraka. Oktoba 1952, vita vya Korea vikiwa vimewachosha Wamarekani, aliwaambia kwamba akichaguliwa atakwenda Korea mwenyewe. Alishinda Novemba 4, na mwanzoni mwa Desemba alikuwa tayari huko akitembelea wanajeshi kwenye baridi kali. Kuapishwa kulikuwa bado wiki sita. Mkataba wa kusimamisha mapigano ulitiwa saini Julai 27, 1953. Ona ahadi ilivyokuwa ndogo na wazi: hakusema atashinda vita, alisema atakwenda.

Maneno sita yaliyougharimu urais

Agosti 1988 mjini New Orleans, mgombea urais wa Marekani George H. W. Bush aliwaambia wajumbe wa chama chake watazame midomo yake: hakutakuwa na kodi mpya. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno sita tu, na ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mwaka 1990, nakisi ya bajeti ikiwa imemkaba na Bunge likiwa mikononi mwa wapinzani, alikubali kupandisha kodi. Maneno yale yakarushwa tena na tena katika kampeni ya 1992, na Bill Clinton akamshinda. Wataalamu wengi wa uchumi humsifu Bush kwa uamuzi huo; ahadi fupi yenye mdundo ndiyo iliyokuwa rahisi kukumbukwa.

Babu wa darasa la kwanza

Ahadi moja ya kampeni nchini Kenya ilimrudisha shule mzee wa miaka 84. Muungano wa NARC uliahidi elimu ya msingi bila karo; mgombea wake, Mwai Kibaki, akaapishwa kuwa rais Desemba 30, 2002, na shule zilipofunguliwa Januari 2003 karo ilikuwa imefutwa. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wapange watoto hao wapya milioni 1.3 mstari mmoja, nusu mita kati ya mtoto na mtoto, na mstari utatoka Nairobi, upite Mombasa, uendelee zaidi ya kilomita 150 ndani ya Bahari ya Hindi.

Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, alivaa sare na kaptura akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Aliingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kama mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi, mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa kiranja mkuu, na Septemba 2005 akapanda ndege kwenda New York kuhutubia Umoja wa Mataifa kuhusu elimu bila malipo. Mpigakura mmoja alilishika deni mkononi, akalitumia lote.

Siku 100 zilizogeuka 2,800

Muungano huohuo wa NARC, katika kampeni hiyohiyo, uliahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Rasimu ya kwanza iliyopelekwa kwa wananchi ilikataliwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, ile ya alama za ndizi na chungwa. Katiba mpya ilizinduliwa Uhuru Park Agosti 27, 2010, karibu siku 2,800 baada ya Kibaki kuapishwa, yaani mara 28 ya muda ulioahidiwa. Karo ilifutwa kwa agizo la serikali peke yake, lakini katiba ilihitaji wabunge, wanasheria, mahakama na mamilioni ya kura. Waahidi walikuwa walewale. Uzito wa mizigo ndio uliotofautiana.

Kwa nini karo hufutwa upesi kuliko madarasa kujengwa

Tazama orodha hii: Malawi 1994, Uganda 1997, Kenya 2003, Burundi 2005. Nchi zote hizo zilifuta karo ya shule ya msingi mara baada ya uchaguzi. Uganda pekee, iliyoanza na watoto wanne kwa kila familia, ilitoka kwenye wanafunzi wapatao milioni 3.1 hadi milioni 5.3 ndani ya mwaka mmoja. Tanzania nayo, John Magufuli alipoapishwa Novemba 5, 2015, ilisubiri miezi miwili tu: Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne.

Robin Harding na David Stasavage waliuchunguza mwenendo huu barani Afrika, na mwaka 2014 wakatoa jibu lenye kuelimisha: uchaguzi husukuma serikali kufuta ada, lakini hauzisukumi vivyo hivyo kuongeza walimu na vitabu. Ada ikifutwa, mzazi huona siku hiyohiyo na humjua aliyeifuta. Mwalimu akikosekana darasani, mzazi hajui amlaumu waziri, halmashauri au mwalimu mkuu. Kiongozi hulipa kwanza deni ambalo mdai analiona kwa macho yake.

Shule ya kupokezana

Ghana ilitimiza ahadi ya sekondari bila malipo kwa nguvu kiasi kwamba wanafunzi walilazimika kwenda shule kwa zamu. Nana Akufo-Addo aliahidi jambo hilo mwaka 2012 akashindwa uchaguzi, akaahidi tena 2016 akashinda, na mpango ukaanza Septemba 2017. Mwaka uliofuata vijana walizidi madawati na mabweni, serikali ikawagawa makundi mawili, la kijani na la dhahabu: moja likiwa darasani, jingine liko likizo nyumbani. Ahadi iliyotimia huweza kuzaa deni jipya.

Mji uliosubiri nusu karne

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania Dodoma ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973, na mpango ulikuwa kazi ikamilike kwa miaka kumi. Miaka kumi ikapita, ikapita mingine kumi, na mingine tena. Bunge lilikuwa Dodoma, lakini wizara nyingi ziliendelea kuvuta upepo wa bahari Dar es Salaam, na vikao vikimalizika msafara wa magari ulirudi pwani. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uamuzi huo alisoma, akaoa na kulea watoto wake mwenyewe kabla serikali haijahama.

Julai 2016, katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa mjini Dodoma, Rais Magufuli alisema serikali yote itahamia huko kabla ya muhula wake kwisha mwaka 2020. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Mei 2023 Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma, ikazinduliwa, miaka 50 kamili baada ya 1973. Kilichokwama miaka 43 kilisogea ndani ya miaka mitatu, baada ya kupewa tarehe na mtu wa kuulizwa.

Televisheni milioni 15 mlangoni

Mwaka 2006, chama cha DMK katika jimbo la Tamil Nadu, India, kiliahidi televisheni ya rangi ya bure kwa kila kaya isiyo nayo, na kilipoingia madarakani kiligawa televisheni zaidi ya milioni 15. Uchaguzi wa 2011 wapinzani wakaja na blenda, mashine za kusagia, feni na kompyuta za wanafunzi, wakashinda, nao wakagawa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba ahadi kama hizo si rushwa kisheria, lakini ikaitaka Tume ya Uchaguzi iandae miongozo. Ahadi ya kitu kinachobebeka ni rahisi kuitimiza, na ni rahisi pia kuitangulia ahadi ya hospitali.

Wanawake wa Benin na ahadi ya nchi nzima

Katika uchaguzi wa rais wa Benin mwaka 2001, wagombea halisi walikubali kushiriki jaribio la mtaalamu Léonard Wantchekon. Katika vijiji fulani walinadi neema kwa kijiji na watu wake tu. Katika vingine walinadi sera za taifa zima, kama afya na elimu. Kwa jumla, ahadi za kwetu-kwetu zilivuta kura zaidi, ila wanawake walivutiwa na sera za taifa kuliko wanaume. Kumbe ahadi tunazopewa jukwaani hutufuata sisi wenyewe: mgombea hupika chakula tunachokipigia makofi.

Zilizochongwa kwenye jiwe

Mei 2015, Ed Miliband wa chama cha Labour nchini Uingereza alizindua jiwe la mita 2.6, refu kupita mlango wa nyumba yako, likiwa limechongwa ahadi sita ili pasiwe na wa kuzifuta. Siku chache baadaye alishindwa uchaguzi. Mwaka 2016 chama chake kilitozwa faini ya pauni 20,000 kwa gharama za kampeni ambazo hazikuorodheshwa ipasavyo, zikiwemo za jiwe hilo. Wino wa Peel ulitosha. Jiwe halikuongeza kura.

Samahani iliyogeuka wimbo

Nick Clegg na wagombea wenzake wa Liberal Democrats walitia saini mwaka 2010 kwamba watapinga nyongeza yoyote ya ada za vyuo vikuu Uingereza. Waliingia serikali ya mseto, na ukomo wa ada ukapanda karibu mara tatu, hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Septemba 2012 Clegg aliomba radhi kwa video; watu mtandaoni wakaigeuza kuwa wimbo, akaruhusu uuzwe, na mapato yakaenda hospitali ya watoto ya Sheffield. Uchaguzi wa 2015 ulikishusha chama chake kutoka wabunge 57 hadi 8. Wanafunzi walikuwa na picha za saini zile, na picha hazisahau.

Dubu mweupe wa Reykjavik

Mwaka 2010 mchekeshaji Jón Gnarr aligombea katika mji mkuu wa Iceland akiahidi taulo za bure kwenye mabwawa ya kuogelea na dubu mweupe wa Aktiki kwa bustani ya wanyama, na akawaambia watu waziwazi kwamba hatatimiza ahadi zake. Chama chake kilipata viti 6 kati ya 15, naye akawa meya hadi 2014. Dubu hakuja. Wakazi waliokuwa wametoka kwenye mporomoko wa mabenki wa 2008 walikuwa na kiu ya mtu asiyewaficha kitu.

Vijana wenye mita ya ahadi

Mohamed Morsi alipoapishwa kuwa rais wa Misri Juni 2012, vijana walifungua tovuti iliyoitwa Morsi Meter na kuorodhesha ahadi zake 64 za siku 100 za kwanza. Siku ya mia ilipofika, 10 ndizo zilizohesabiwa kuwa zimetimia. Wairani walimfuatilia rais wao Hassan Rouhani kwa njia hiyo mwaka 2013, na Wanigeria wakamwandalia rais wao Muhammadu Buhari tovuti yake, Buharimeter, mwaka 2015. Nchini Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval walizihesabu ahadi 353 za Waziri Mkuu Justin Trudeau za mwaka 2015: takribani 9 katika kila 10 zilitimia kikamilifu au kwa sehemu. Iliyovuma zaidi, hata hivyo, ni moja aliyoiacha Februari 2017, ya kubadili mfumo wa kupiga kura. Bomba lililokauka, tena.

Meya ana siku 90

Katika jiji la São Paulo, Brazil, meya mpya hutakiwa kisheria kuwasilisha ndani ya siku 90 orodha ya malengo yenye namba, kulingana na aliyoyanadi kwenye kampeni. Utaratibu huo uliingia mwaka 2008 baada ya msukumo wa wananchi wenyewe. Colombia ilikwenda mbali zaidi: Katiba ya 1991 inasema anayempigia kura gavana au meya anamkabidhi programu aliyoiandikisha kama agizo, na sheria ya 1994 inawapa wapigakura njia ya kumwondoa akiipuuza. Huko ahadi imetoka jukwaani ikaingia kwenye faili.

Kiapo cha mashujaa, mkataba wa mameya

Nchini Rwanda, tangu 2006, mameya wa wilaya hutia saini mikataba ya kazi mbele ya Rais, na kila mwaka hupimwa na wilaya kupangwa kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho. Mikataba hiyo huitwa imihigo, jina la desturi ya kale ambapo shujaa alitamka hadharani tendo atakalolifanya. Humo huandikwa idadi: kilomita za barabara, kaya zenye bima ya afya, madarasa. Anayewapima zaidi ni aliye juu yao, si mpigakura, lakini namba zenyewe anaweza kuzisoma yeyote.

Filamu iliyowapeleka wabunge jimboni

Kabla ya uchaguzi wa 2012 nchini Sierra Leone, midahalo ya wagombea ubunge ilirekodiwa na kuonyeshwa vijijini kwenye sinema za kuhamahama, shuka likiwa kioo na jenereta likinguruma pembeni. Wapigakura waliotazama waliwajua wagombea na sera zao vizuri zaidi. La kushangaza lilikuja baadaye: wabunge waliokuwa wameshiriki midahalo walitumia fedha nyingi zaidi za mfuko wa maendeleo kwenye majimbo yao kuliko wenzao ambao hawakurekodiwa. Mtu akijua maneno yake yamehifadhiwa, hukumbuka njia ya kurudi jimboni.

Na daftari lako liko wapi?

Ukizipanga habari hizi pamoja, utaona kitu kimoja kikijirudia kutoka Tamworth hadi Dodoma. Ahadi hulipwa inapokuwa na namba, tarehe, mtu wa kuulizwa na shahidi aliyeandika. Ahadi ya kuleta maendeleo haina hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana ni tamu kusikia na haiwezi kudaiwa.

Waswahili tumeambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni mali ya aliyeahidiwa. Kampeni ijayo, mgombea akifika mtaani kwako, nenda na daftari la shule la kurasa 40 na kalamu. Andika jina lake, alichoahidi, kiasi gani, wapi na lini. Akisema barabara, uliza kilomita ngapi. Akisema karibuni, uliza mwezi gani. Likunje, liweke pamoja na kadi yako ya mpigakura, na baada ya miaka mitano lifungue mbele yake. Tiki zikiwa nyingi, mshukuru na umpe kura yako tena. Zikiwa chache, mpe anayestahili.